Maiti, Mapenzi na Mwaka 2058: Uanze na Kitabu Kipi?

Ijumaa alasiri stesheni ya SGR hapa Dodoma hujaa watu wa aina yangu: ofisi ilihamia huku, familia ikabaki Dar. Mkononi begi dogo na mfuko wa zabibu za watoto, mbele yako saa tatu na ushee za kukaa kitako. Jirani wa kiti kwa kawaida huwa ameshalala kabla hatujafika Gulwe. Mimi husoma, na mwaka mzima uliopita nimesoma aina moja tu ya vitabu: riwaya za upelelezi zinazotokea miaka mingi ijayo, ambamo kuna mtu ameuawa na kuna wawili wanaopendana, au wanaojaribu.

Mchanganyiko huu hatukukua nao. Wengi wetu tuliingia kwenye upelelezi kwa mlango wa mpelelezi Bwana Msa, tangu Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa 1960, na pale shughuli ni moja: kiko, akili, na kumfikia muuaji. Ukishazoea hivyo, kukutana na mpelelezi anayegombana na mkewe katikati ya kesi, tena ndani ya jiji lenye roboti, kunakukera mwanzoni. Ndiyo maana watu huniuliza waanze na kipi, kwani ukianza na kisichokufaa utaifunga aina nzima na hutairudia.

Nalinganisha vitatu ambavyo kikundi chetu cha kusoma kilivibishania miezi kadhaa. Hukutana Jumatano jioni barazani kwa mwalimu mmoja, huko Nkuhungu hapa mjini, bakuli la karanga katikati. The Caves of Steel cha Isaac Asimov (1954). Naked in Death cha J. D. Robb (1995), jina ambalo Nora Roberts hulitumia kwa vitabu vya upelelezi. Na Altered Carbon cha Richard K. Morgan (2002). Muuaji simtaji kwenye hata kimoja, usihofu.

Nilivyovipima

Maswali manne. La kwanza, fumbo linachezwa kwa haki? Yaani umeonyeshwa vidokezo vyote kabla muuaji hajatajwa, au mwandishi amechomoa mashine mfukoni ukurasa wa mwisho? Kwenye hadithi za wakati ujao swali hili ni zito kuliko kawaida. John W. Campbell, mhariri aliyewalea waandishi wengi wa hadithi za kisayansi Marekani, aliamini upelelezi na sayansi ya kubuni haviivi chungu kimoja, kwa sababu mwandishi anaweza kubuni kifaa chochote cha kumwokoa. Asimov aliandika kitabu chake ili kumbishia.

La pili, mapenzi yanafanya kazi gani ndani ya upelelezi? Kipimo changu ni rahisi: ng'oa ndoa au uchumba wote kwenye kitabu, kisha uangalie kama kesi bado imesimama. Ikiwa imesimama vilevile, mapenzi yalikuwa pambo.

La tatu, dunia yenyewe inakaaje. La nne, Kiingereza chake, pamoja na mambo ya kuvumilia, maana vitabu hivi si vyote vya kuacha mezani watoto wakiwa sebuleni.

Fumbo

Hapa Asimov yuko vizuri mno. Miaka elfu kadhaa ijayo, watu wa Dunia wanaishi ndani ya majiji yaliyofunikwa kabisa. Hawajawahi kukanyaga nje. Pembeni mwa New York kuna mji mdogo wa wageni kutoka sayari nyingine, na mmoja wao, mtaalamu wa roboti, ameuawa. Njia ya kupitia langoni inalindwa, kila mgeni hukaguliwa. Silaha ingeweza kupita porini tu, na mtu wa jijini hawezi kuvuka pori: mbingu wazi inamtia kiwewe. Roboti angevuka, lakini sheria ya kwanza iliyomo kichwani mwake inamkataza kumdhuru binadamu. Basi nani?

Tulicheka sana barazani. Ukitoka Dodoma kuelekea Kongwa au Manyoni, kilichopo ni mbingu na mbuyu mmoja mmoja, na mtoto wa miaka saba anachunga ng'ombe chini ya hiyo mbingu kutwa. Afande, mpelelezi mstaafu tuliye naye kwenye kikundi, alisema, "Mgogo mmoja tu angeifunga kesi hii kabla ya chakula cha mchana." Lakini alikubali kwamba fumbo limefungwa sawasawa. Kufuli ya chumba ni woga, na woga huo tumeonyeshwa tangu mwanzo. Mpelelezi Elijah Baley anakosea waziwazi mbele za wakubwa kabla ya kupatia, jambo ambalo Afande alilisifu kuliko yote.

Naked in Death kinaendeshwa na mbio. New York, 2058: msichana aliyekuwa akiuza mwili kwa leseni halali, mjukuu wa seneta mkali wa maadili, amepigwa risasi kwa bunduki ya kale wakati bunduki zimeshapigwa marufuku. Muuaji ameacha karatasi inayosema huyu ni wa kwanza kati ya sita. Kuanzia hapo unahesabu. Kama fumbo, mimi nililibashiri kabla ya robo ya mwisho, na nimebashiri vibaya vitabu vingi maishani, kwa hiyo si gumu. Ila hakuna mashine iliyochomolewa mfukoni.

Altered Carbon ndicho chenye swali la ajabu kuliko yote: marehemu ndiye anayemwajiri mpelelezi. Kwenye karne ya 25 nafsi ya mtu huhifadhiwa kwenye kifaa kidogo shingoni, na tajiri Laurens Bancroft, mwenye miaka zaidi ya 300, hutuma nakala yake ghalani kila baada ya saa 48. Amekutwa kichwa kimesambaratika, akarudishwa kwenye mwili mwingine, na saa za mwisho kabla ya kifo hazimo kichwani mwake. Polisi wanasema alijiua. Yeye anauliza: nijiue kwa faida gani, wakati najua kesho nitaamshwa? Haki ipo, vidokezo vipo, lakini vimetawanywa kwenye majina mengi na magenge mengi. Mimi nilitumia daftari.

Mapenzi

Hili ndilo lililotugombanisha, na ndilo litakalokuamulia wewe.

Kwa Asimov ndoa ni ya miaka mingi, ya watu waliochokana kidogo. Mke wa Baley anaitwa Jessie, lakini jina lake kamili ni Jezebel, yaani Yezebeli. Ujanani alilipenda kwa siri; mwanamke mpole, mtiifu, lakini jina lake lilikuwa na pilipili. Siku moja mumewe, kwa kujiona anajua, akamweleza kwamba ukiisoma Biblia vizuri, Yezebeli alikuwa mke mwaminifu kwa mumewe na wala hakuwa na mabwana. Alidhani anamfariji. Kumbe amemnyang'anya kitu pekee cha ukorofi alichokuwa nacho. Kurasa chache tu hizo, na hakuna roboti ndani yake, lakini mama mmoja kwenye kikundi aliufunga mdomo wa kila mtu aliposema, "Huyo mume ni wa kwangu kabisa. Anasahihisha hata mizaha." Katekista wetu naye alishangaa mzazi gani angempa mtoto jina hilo, hoja ambayo mwandishi hakuijibu.

Ukiing'oa ndoa hii, kesi haisimami. Usiruke kurasa za Jessie ukidhani ni za kupumzikia. Halafu kuna uhusiano wa pili: Baley anapewa mshirika, R. Daneel Olivaw, roboti aliyetengenezwa kwa sura ya marehemu mwenyewe. Inabidi amlaze nyumbani kwake. Fikiria unamwambia mkeo una mgeni wa kazini, kumbe mgeni si mtu. Tatizo la Asimov ni kwamba anaandika mapenzi kama mhasibu: kila kitu kipo, joto ndiyo shida.

Robb anaanzia mahali pengine kabisa. Luteni Eve Dallas hana mtu, alitoka kwenye utoto wa mateso usioelezeka, na kesi inamfikisha kwa Roarke, tajiri wa asili ya Ireland, mkusanyaji wa bunduki za kale. Mtuhumiwa, basi. Anamzawadia kahawa halisi. Katika 2058 kahawa ya kweli ni anasa ya matajiri, wengine wanakunywa ya kuigiza, na Eve akiinusa tu miguu inalegea. Mimi nilisoma sehemu hiyo nikiwa nimetoka kununua kikombe cha kahawa chungu kwa muuza birika karibu na Nyerere Square, kwa sarafu, na nikajiona tajiri kuliko Roarke.

Afande hakucheka. "Binti, askari anayelala na mtuhumiwa wakati jalada liko wazi hana kesi tena. Anaandika barua ya kukabidhi kesi siku hiyohiyo." Ana haki, na kitabu chenyewe kinajua ana haki, wakubwa wa Eve wanamkalia kooni kwa hilo. Kisha akatufungulia darasa dogo la sheria zetu, ambalo limenifanya niione aina hii ya hadithi kwa jicho jingine. Kwa Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, mume au mke anaweza kutoa ushahidi wa upande wa mashtaka dhidi ya mwenzake, lakini kwa kawaida halazimishwi. Na kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, mwanamume na mwanamke wakithibitika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi kiasi cha kuonekana ni mke na mume, hudhaniwa wameoana. "Kwa hiyo," akasema akichagua karanga, "swali la kwanza kwenye kesi ya mapenzi si nani alimpenda nani. Ni wamekaa pamoja muda gani." Ungeandika riwaya nzima ya Dodoma ya 2058 juu ya sentensi hiyo: mtuhumiwa, mchumba wake, kamera ya mlangoni yenye kumbukumbu za nani alilala humo usiku gani, na wakili anayehesabu kama siku 730 zimetimia.

Ukiyang'oa mapenzi ya Eve na Roarke, kesi ya kitabu hiki cha kwanza inabaki kama ilivyo kwa sehemu kubwa. Lakini utakuwa umeng'oa sababu ya watu kuendelea. Mfululizo huu umepita vitabu 50, kila kimoja na maiti yake, na wasomaji wengi hawarudi kwa ajili ya maiti. Wanarudi kuona wale wawili wamefikia wapi. Wanaoana mwishoni mwa kitabu cha tatu, kisha unawaona wakijifunza kuishi nyumba moja, jambo ambalo waandishi wengi wa mapenzi hulikwepa kwa kufunga kitabu siku ya harusi.

Morgan, sasa. Mpelelezi wake, Takeshi Kovacs, ameletwa kutoka sayari nyingine na kuvishwa mwili wa kukodi. Mwili huo ni wa polisi aliyefungwa, na katika dunia hii kufungwa ni nafsi yako kuwekwa kabatini huku mwili ukitumiwa na wengine. Luteni Kristin Ortega, anayemfuatilia Kovacs tangu siku ya kwanza, alikuwa mpenzi wa polisi huyo. Anautazama uso anaoupenda, ndani yake kuna mgeni. Mwili una hamu ya sigara ambayo Kovacs hakuileta yeye. Mwili unamjua Ortega kwa namna ambayo Kovacs hamjui. Upande wa pili kuna Bancroft na mkewe Miriam, ndoa ya karne nzima na zaidi, na unajiuliza binadamu wanabakiwa na nini cha kuambiana baada ya muda huo.

Sijui kama ni haki kumsifu mwandishi kwa kuniumiza, lakini nilikiweka chini mahali fulani baada ya Morogoro na sikukishika tena hadi Dar. Ijumaa nyingi mlangoni hunipokea mtu mwenye sura ya mume wangu, na hutuchukua hadi Jumamosi mchana kukumbukana. Kati ya vitatu, hapa ndipo mapenzi na kesi vimesukwa ukili mmoja. Ukivuta hiki, kile kinafumuka.

Dunia yenyewe

Mtumishi wa umma akisoma Asimov atajikuta nyumbani. Baley ana daraja, C-5, na daraja ndilo linaloamua kama una beseni la kunawia lenye maji chumbani au utapanga foleni kwenye bafu la pamoja, ambako wanaume hawasemezani kabisa. Baba yake alivuliwa daraja na familia ikaporomoka naye. Anayesubiri kupandishwa cheo hapa mjini hahitaji maelezo. Wanakula vyakula vya hamira, watu bilioni nane. Mwaka 1954 idadi hiyo ilikuwa ya kutisha; leo tumeshaifikia na tunakula ugali wa uwele kwa mlenda.

Dunia ya Robb ni nyepesi: New York ileile na vifaa vipya. Hutapotea.

Ya Morgan ni chafu na ina hoja nzito. Wakatoliki humo wanakataa kurudishwa kwenye mwili mwingine kwa sababu za imani, kwa hiyo ukiwaua wanabaki wamekufa, na kuna azimio linalogombaniwa la kuruhusu waamshwe ili tu watoe ushahidi juu ya wauaji wao. Jumatano hiyo tulikaa hadi saa nne usiku. Katekista alisema marehemu aachwe. Afande alisema amewahi kuwa na majalada ambayo angempa marehemu dakika tano tu. Hakuna aliyeshinda, na karanga ziliisha.

Kiingereza, na ya kuvumilia

Asimov anasomeka kwa Kiingereza cha sekondari. Sentensi fupi, matusi hamna, kitabu ni chembamba. Cha kuvumilia ni wanawake wachache, na mazungumzo yanayogeuka hotuba. Robb anasomeka haraka, misimu kiasi, lakini ana kurasa za chumbani zilizo wazi kabisa, na utoto wa Eve una unyanyasaji utakaomgusa vibaya aliyepitia hayo. Morgan ni mgumu: msamiati mzito, istilahi zisizoelezwa hadi mbele, mateso ya kina, ngono, damu. Kipo pia kama tamthilia ya Netflix ya 2018, lakini tamthilia imebadilisha historia ya Kovacs na mengine mengi, kwa hiyo aliyeitazama asidhani ameshasoma.

Nani achukue kipi

Kama umekulia kwa Bwana Msa na unachotaka ni kumshinda mwandishi kwa akili, chukua The Caves of Steel. Vilevile kama utasoma na kijana wa kidato cha tatu au unarudi kwenye Kiingereza baada ya muda mrefu. Ukitaka mahaba yanayochemka utaondoka na njaa.

Kama umechoka, unataka kitu cha kukuvuta hadi stesheni ya mwisho na watu wa kuwarudia mwezi ujao, ni Naked in Death. Soma kwa mpangilio angalau vitatu vya mwanzo. Kesi zinajitegemea, mapenzi hayajitegemei. Aliye kama Afande, anayekereka taratibu za polisi zikivunjwa, kitamkwaza.

Altered Carbon nampa mtu mwenye kikundi cha kubishana naye, au mwenye likizo. Kwa treni si kizuri. Utakatizwa kila mara ukiwa umeshika majina sita. Na usimpe mtu aliyefiwa karibuni. Nilifanya kosa hilo, nikakifuata mwenyewe nyumbani kwake kukichukua.

Wenye ndoa za wikiendi kama yangu nawaongezea kimoja cha pembeni, The Naked Sun cha Asimov (1957), kinachoendelea na Baley. Anapelekwa Solaria, sayari ya watu elfu ishirini na roboti wasiohesabika, ambako watu huongea kwa picha tu, kukaa chumba kimoja na mtu kunawatia kichefuchefu, na mume na mke hukutana kwa ratiba. Mume ameuawa, na mtu pekee aliyeweza kumkaribia ni mkewe. Nilimpelekea mume wangu nakala yangu. Jumanne usiku alinipigia simu ya video, akanitazama kidogo, akasema, "Mke wangu, hebu tuizime. Tutaongea Ijumaa."